Mchanga wa Kikombe Cheupe

Nianze na kosa lenyewe, maana nimechoka kusikia watu wakilizunguka. Mwezi wa Februari, mwaka niliokuwa namalizia shahada ya uzamivu, nilisaga metali iitwayo paladi katika kikombe cha maabara kisichoruhusiwa kutiwa paladi, nikakiosha nusunusu, kisha nikatia sahihi kwamba nimekiosha sawasawa. Yote hayo yalinichukua dakika kama hamsini. Yaliyofuata yalichukua miezi tisa, na hayo ndiyo yanayoniuma. Dakika hamsini unaweza kusingizia haraka. Miezi tisa sina cha kusingizia.

Maabara yetu ya pamoja iko Manizales, kwenye mteremko chini ya kituo cha magari ya waya. Vyuo vinne vya ukanda wa kahawa vilichanga, vikanunua mashine ambazo hakuna hata kimoja kingeziweza peke yake: tanuri, darubini ya elektroni, mashine ya eksirei ya kuchungulia fuwele, na kinu. Watu huja kutoka miji jirani ya Pereira na Armenia na mabasi ya alfajiri, sampuli zao wamezipakia kwenye vyombo vya chakula, wamevaa masweta ya kuazima kwa sababu huku kwetu ukungu hauna adabu. Kila mtu ana zamu yake. Ukizidisha dakika kumi, unafutiwa zamu zako za wiki mbili zijazo, uwe mwanafunzi, uwe profesa.

Anayefuta ni Bi Hermilda Taborda, fundi mkuu wa maabara. Hana shahada kubwa. Alisoma ufundi jioni huku analea watoto watatu, na kwenye jengo lile amekaa miaka kumi na tisa. Nimewahi kumwona profesa mzima akirudi kutoka kwenye gari kuja kufuta meza kwa sababu Bi Hermilda alimtazama tu.

Kinu ndicho kilichokuwa roho yake. Kina vikombe vya kauri ngumu, na ndani ya kila kikombe zimo gololi. Unatia kitu chako, unafunga, kinazunguka kwa kasi mpaka kitu kinakuwa vumbi laini kama poda ya mtoto. Tatizo ni kwamba kauri ina vitundu usivyoviona kwa macho, na vumbi la mtu wa kwanza hujificha humo likamngoja mtu wa pili. Kwa hiyo Bi Hermilda alikuwa na sheria. Ukimaliza, unatia mchanga safi kikombeni, unausaga dakika ishirini, unaumwaga. Unafanya hivyo mara tatu. Mchanga wa mara ya tatu humwagi: unautia kwenye kichupa, unaandika jina na tarehe, unauweka rafuni pake ukae mwaka mzima, halafu unatia sahihi daftarini. Ukiwa mweupe, umeosha. Ukiwa wa kijivu, rudia. Rafu ile ilikuwa na vichupa mia na kitu vya mchanga mweupe, na wageni waliicheka, lakini sisi hatukuwahi.

Vikombe vilikuwa viwili. Kikombe chekundu kilikuwa cha metali za thamani: platinamu, ruteni, na hiyo paladi yangu. Cheupe kilikuwa cha vingine vyote. Paladi chembe tu, hata ile usiyoiona, inaweza kufanya kazi ya kemia ambayo vitu vingine vikishindana wiki nzima haviifikii. Ndiyo maana haikutakiwa kukanyaga kikombe cheupe.

Wiki ile kikombe chekundu kilikuwa kimepasuka kifuniko. Kingine kilikuwa kinasubiriwa kutoka ng'ambo, na forodha yetu mnaijua. Zamu yangu ilikuwa saa tatu hadi saa tano asubuhi, saa ya kwanza ilinipotea nikitafuta kifuniko cha kuazima, na saa tano na nusu nilikuwa na zamu ya tanuri niliyoisubiri tangu Desemba. Msimamizi wangu alikuwa ananiuliza kila siku matokeo yako wapi. Nikajiambia: ni kidogo tu, nitaosha vizuri, nani atajua. Bi Hermilda alikuwa ghorofa ya juu anamkaripia fundi wa umeme. Nikachukua kikombe cheupe.

Nilipomaliza kusaga nikatia mchanga wa kwanza. Ulitoka mweusi kama machicha ya kahawa. Nikatazama saa: dakika kumi na mbili zimebaki. Nikafungua mlango kumwambia anayenifuata kwamba namalizia.

Anayenifuata alikuwa Arbey Quiceno. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili kutoka chuo cha Pereira, kijana mrefu mwenye koti fupi kuliko mikono yake. Mama yake ana shamba la kahawa Apía, na Arbey alikuwa anachoma maganda ya kahawa ya mama yake yakawa makaa, anasaga makaa, anatafuta kama yanaweza kusafisha maji machafu ya viwandani. Tulikuwa tunafahamiana kwa utani wa foleni tu. Alikuwa kwenye benchi, chombo chake cha chakula magotini.

"Nakaribia kumaliza, kaka," nikamwambia.

"Chukua muda wako, dada. Mimi nimekuja na basi la saa kumi na mbili, nimeshaganda. Huku kwenu hata jua mpaka mtu aweke miadi."

Alinipa muda. Nataka hilo lieleweke. Hakunisukuma mtu. Ningeweza kuchukua dakika arobaini zake na asingelalamika. Lakini mchanga wa pili nao ungetoka mweusi, wa tatu ungetoka wa kijivu, na Bi Hermilda angeshuka aniulize ni kitu gani cheusi namna ile kimeingia kwenye kikombe cheupe. Niliogopa aibu, si kitu kingine. Mchanga mweusi niliufunga kwenye kitambaa cha karatasi nikautia mfukoni. Kikombe na gololi nilivipangusa kwa spiriti. Kisha nikachota mchanga mpya kwenye ndoo, mchanga ambao haujawahi kuona kikombe, nikaujaza kwenye kichupa, nikaandika jina langu, Luz Dary Ospina, na tarehe. Nikatia sahihi.

Arbey alitakiwa akague kikombe kwenye mwanga kabla ya kutia sahihi ya kupokea. Alichukua kalamu akasaini palepale, akasema nikipokea kwako, dada, hata sihitaji kutazama. Kisha akamimina makaa yake meusi ndani ya kikombe changu, na weusi wake ukameza weusi wangu.

Kila Aprili watumiaji wote wa maabara hukutana siku moja kuonyeshana walichofanya. Kuna empanada, sambusa za huku kwetu, kuna kahawa mbaya, na watu husinzia. Mwaka ule hakusinzia mtu. Arbey alisimama na koti lake fupi akaonyesha video aliyoipiga kwa simu. Ilikuwa ni glasi ya maji ya manjano, sumu ileile inayotoka kwenye viwanda vya rangi na dawa. Akatia chumvi fulani, ambayo peke yake haifanyi kitu, halafu akatia makaa yake, yale ya maganda ya kahawa. Makaa ya watu wengine huchukua saa nyingi kupunguza manjano kidogo tu. Haya yake, manjano yalififia mbele ya macho yetu na maji yakawa meupe ukaweza kusoma gazeti upande wa pili. Dakika mbili.

Ukumbi ulipiga makofi. Profesa Echeverri, msimamizi wake, mtu mkavu anayejulikana kwa kutomsifu hata mkewe, alivua miwani akawa anaifuta, na macho pia. Mtu mmoja wa nyuma akauliza kama kuna metali yoyote ndani.

"Metali gani, mwalimu?" Arbey akasema. "Ningekuwa na metali ningeshaiuza ninunue koti la saizi yangu."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Zile dakika mbili nilikuwa nazijua. Ilikuwa ndiyo kazi ya paladi yangu, imeandikwa kwenye daftari langu mwenyewe.

Bado nilijipa matumaini. Nilijiambia labda ni maganda kweli, dunia ina mambo. Lakini ule mchanga mweusi nilikuwa nao bado, kwenye droo, kwenye kitambaa chake. Wiki hiyohiyo nilitia punje chache kwenye glasi ya maji ya manjano yenye chumvi ileile. Yalikuwa meupe kabla sijamaliza kukaa kwenye kiti. Nilibaki nayatazama. Halafu nikamwaga vyote, maji na mchanga uliobaki wote, kwenye ndoo ya taka za kemikali, na ndoo ikachukuliwa Ijumaa. Msiniambie sikujua. Kuanzia siku ile nilijua kama ninavyolijua jina langu.

Kwa nini sikusema? Nilikuwa na sababu, tena nyingi, na kila moja ilikuwa na akili. Nilisema nisubiri kidogo, atagundua mwenyewe. Nilisema ametoka kusifiwa, nikimwambia leo nitamvunja moyo. Hii ya pili niliipenda sana kwa sababu ilinifanya nionekane mwema.

Kweli akaanza kugundua, lakini si nilichotaka agundue. Siku ile ya Februari alikuwa amesaga mafungu matatu. La kwanza ndilo lile la dakika mbili. La pili lilichukua dakika tisa, la tatu nusu saa. Kikombe kilikuwa kinajiosha kwa makaa yake. Yeye alidhani ni mkono wake ulilegea. Mwezi wa Mei akaja na makaa mapya, akasaga, na maji yakabaki ya manjano. Juni vilevile. Gazeti la Pereira lilikuwa limeshamwandika, Echeverri alikuwa ameshapeleka makala kwenye jarida, na wahakiki wa jarida wakaandika swali moja tu: rudieni. Hakuweza kurudia.

Agosti alinifuata mimi. Kati ya watu wote, mimi. Alinikuta kwenye mashine ya eksirei akasimama pembeni mpaka nilipomwona.

"Dada Luz, wewe mikono yako haina papara," akasema. "Njoo unitazame nikifanya. Uniambie nakosea wapi."

Nilikwenda. Nilivaa koti la maabara nikasimama nyuma yake saa tatu nzima, na sijawahi kumwona mtu msafi kama yule. Alipima mara mbilimbili. Aliosha kikombe mara tatu kabla ya kazi na mara tatu baada ya kazi, na mchanga wake ulikuwa mweupe kama chumvi ya mezani. Bi Hermilda mwenyewe alipita akaguna, na kwa Bi Hermilda hiyo ni sifa. Kisha akatia makaa kwenye maji, tukakaa kuyatazama, yeye kwenye kiti na mimi nimesimama. Dakika mbili. Dakika kumi. Saa nzima. Manjano yaliyokolea kama mkojo wa asubuhi.

"Nakosea wapi?" akauliza tena.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, ameniuliza kwa mdomo wake. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema labda ni maganda. Februari alitumia maganda ya mavuno makubwa ya mwisho wa mwaka, na sasa anatumia ya mavuno madogo ya Aprili. Labda mavuno makubwa yana kitu ambacho haya hayana. Nilisema kwa utulivu, kama daktari anayeandika dawa. Uso wake ulifunguka. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akasema kwa nini hakuliwaza jambo hilo.

Alikwenda Apía akakaa wiki sita. Mama yake, Bi Rosmira, alianza kuchambua maganda ya kila mteremko wa shamba peke yake, akayaanika kwenye paa, mfuko wa huku na mfuko wa kule, na kila mfuko akauandika kwa penseli: mteremko wa mtoni, mteremko wa migomba, chini ya mparachichi. Wakati huo mavuno yalikuwa yameanza na vibarua hawatoshi, na mama mzima yuko juu ya paa anageuza maganda kwa sababu mimi nilimwambia mwanawe uongo. Arbey alirudi na mifuko kumi na mitatu. Alinisimulia hayo yote akicheka, kwamba majirani wanadhani mama amepata wazimu, anaanika takataka na kahawa yenyewe inaoza. Mimi nilicheka naye. Na alikuwa na kifurushi changu, kahawa aliyoikaanga mama yake mwenyewe, na kijikaratasi: kwa binti anayemsaidia mwanangu.

Mngependa niwaambie sikuinywa. Niliinywa. Ilikuwa kahawa nzuri, ilinichukua wiki tatu kuimaliza.

Hata mfuko mmoja katika kumi na mitatu haukusafisha maji. Oktoba Echeverri alichoka. Alikuwa ameahidi watu wakubwa, amesimama kwenye mikutano, sasa jarida limerudisha makala na wenzake wanamwuliza kwa sauti ya huruma. Akatazama tena michoro ya Arbey akaiona mizuri mno. Akaandika barua kwa kamati ya maadili ya chuo chake kwamba ana shaka mwanafunzi wake alizibadilisha namba. Kamati ikapanga kumsikiliza Ijumaa ya tarehe ishirini Novemba. Akionekana ana hatia angefukuzwa, na jina lake lingepelekwa kwa wafadhili wote wa nchi.

Kulikuwa na kitu kimoja cha kumwokoa. Alikuwa amebakiza makaa kidogo ya lile fungu la kwanza, kijiko cha chai hakijai. Yakipelekwa Bogotá yakatafutwe paladi, paladi ingeonekana, na kila mtu angejua kwamba Arbey aliona alichosema ameona. Lakini vipimo vya namna hiyo lazima uwaambie watafute nini, na chuoni kwao hakuna aliyewahi hata kuishika paladi. Aliyejua cha kutafuta nilikuwa mimi.

Na mimi nilikuwa na siku yangu. Nilipangiwa kutetea tasnifu Jumatano, tarehe kumi na nane, siku mbili kabla ya kamati. Nikisema kabla, Bi Hermilda angenifutia jina, chuo kingesimamisha utetezi, na ufadhili wangu ulikuwa unakwisha Desemba. Nikapiga hesabu yangu nikaiona inakaa vizuri. Nitatetea Jumatano. Alhamisi nitakwenda Pereira, nitasema kila kitu. Ijumaa kamati itamwachia. Nitaumia mimi, lakini nikiwa nimeshakuwa daktari. Nilijiona shujaa kwa kupanga hivyo. Niliilalia mipango hiyo wiki tatu, na usingizi wenyewe haukuwa mbaya.

Jumatano ile ukumbi ulijaa. Niliposimama nikatazama watu, nikamwona Arbey mstari wa mwisho, amevaa tai. Nilidhani nitashindwa kusema. Sikushindwa. Nilitetea vizuri sana, vizuri kwa kiasi cha kutia aibu. Mtahini aliyetoka Medellín akaniuliza nilihakikishaje kwamba vifaa vya pamoja havikuchafua sampuli zangu, maana kwenye jengo kama lile kila mtu anapitisha chake. Nikamweleza. Mchanga safi, dakika ishirini, mara tatu, kichupa, jina, tarehe, mwaka mzima rafuni. Yule bwana alipendezwa akaandika. Bi Hermilda, aliyekaa mbele na sketi yake ya kanisani, aliinua kidevu kwa fahari. Na kule nyuma Arbey alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama anayesema ndivyo ilivyo, mimi ni shahidi.

Wakanipa shahada kwa heshima ya juu. Mama yangu alilia. Kukawa na keki.

Arbey alinisubiri karibu na ngazi mpaka watu walipopungua. Akanipa mkono.

"Daktari Ospina," akasema. "Sasa sijui kama naruhusiwa kukuita dada."

Nilimvuta tukashuka ngazi mpaka chini, penye mlango wa stoo, ambapo hapakuwa na mtu. Nilitaka kulimaliza palepale, bila kungoja Alhamisi. Nikamwambia kwamba ile Ijumaa, kwenye kamati, kuna kitu nataka kusema.

"Ijumaa hakuna kamati," akasema.

Alikuwa ameshasaini asubuhi ile. Echeverri alikuwa na kikao huku Manizales, akamwita aje palepale jengoni, ghorofa ya tatu, saa tatu asubuhi, na karatasi ilikuwa tayari. Akikiri kwamba alibadilisha namba, anaondoka kimyakimya, hakuna kusikilizwa, jina haliendi kokote. Akikataa, Ijumaa ni Ijumaa. Alisaini, na kwa kuwa alikuwa ameshafika mjini akaona asikose utetezi wangu.

"Lakini hukubadilisha kitu," nikasema.

"Nimechoka, dada. Na nikwambie ukweli, hata mimi nilishaanza kuamini. Mtu ukishindwa kukirudia kitu mara arobaini, unajiuliza kama kweli ulikiona."

Nikamwambia. Nilisema yote bila kupumzika: kikombe chekundu kilichopasuka, paladi, mchanga mweusi, kichupa cha mchanga wa ndoo, sahihi. Niliposema paladi alikuwa bado amesimama. Niliposema kwamba ilikuwa zamu ya kabla yake, Februari, aliketi kwenye ngazi.

Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeponyoka ajali.

"Kwa hiyo yalikuwa meupe," akasema. "Yale maji. Yalikuwa meupe kweli."

"Yalikuwa meupe."

"Sikuwa na wazimu."

"Hapana."

Akafuta uso kwa tai yake. Halafu tabasamu likaanza kuondoka, nami nilijua linaondokea wapi.

"Ulijua lini?"

"Aprili."

"Na Agosti? Uliponiambia habari ya maganda?"

"Nilijua."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa hata nayahitaji. Hakunitukana. Alitazama mikono yake, akauliza kama mifuko yote kumi na mitatu nilijua haitafanya kitu, nikasema ndiyo. Akauliza kama nilijua mama yake yuko juu ya paa. Nikasema ndiyo, ulinisimulia mwenyewe.

Nikaanza kuzungumza haraka. Nikamwambia napanda juu sasa hivi, nitamwambia Bi Hermilda, nitamwambia Echeverri kabla hajaondoka, nitaandika kila neno, wachukue shahada kama wanaitaka, yale makaa ya kwanza yapelekwe Bogotá, ile karatasi yake itachanwa.

"Utapanda," akasema. "Echeverri ataelewa. Watu hawa wanaelewa karatasi." Alitoa simu mfukoni. "Lakini mimi asubuhi, nilipotoka mle ndani, nilimpigia mama. Nilimwambia nilidanganya. Ningemwelezaje kwamba nimesaini uongo wakati sikusema uongo? Hata mimi siwezi kulieleza. Nikamwambia tu, mama, nilidanganya, zile namba nilizitunga, nisamehe. Alikata."

Akabonyeza namba akanipa simu.

"Mwambie wewe."

Niliishika. Ililia mara nne, na kila ilipolia niliomba isipokelewe. Ikapokelewa. Nilitaja jina langu, na kabla sijaongeza neno sauti ya mwanamke mzima, nzito kwa kulia, ikaniuliza kama ni mimi Luz Dary, yule wa maganda.

"Ndiye, mama."

"Binti yangu," Bi Rosmira akasema. "Arbey ameniambia aliyoyafanya. Sijui niuweke wapi uso wangu mbele yako. Wote walimwacha, wewe peke yako ukamwamini mpaka mwisho, naye alikuwa anakudanganya. Utusamehe, mwanangu. Hatukumlea hivyo."

Arbey alikuwa amekaa kwenye ngazi, ananitazama. Hakuweza kusikia anachosema mama yake, na sijui kama uso wangu ulimwambia. Nikamwomba Bi Rosmira akae chini kwanza, nina jambo la kumweleza. Akasema amekaa, tangu asubuhi hajainuka.